Mwezi Mmoja Ndani ya Punda

Jumatatu, 2 Machi

Leo nimeingia ndani ya punda. Naandika hili kwa utulivu, ili historia isije ikasema nilisukumwa.

Kumbukumbu ziwekwe sawa. Chuo kimenisimamisha kwa sababu ya viti. Kila kiti cha ukumbi wa mihadhara kina kibao cha kuandikia upande wa kulia, na sisi tuandikao kwa mkono wa kushoto hujipinda kama nguo inayokamuliwa. Niliitisha mgomo. Wanafunzi mia nne tulisikiliza mihadhara tukiwa wima, siku tisa mfululizo! Siku ya kumi wenzangu walichoka miguu, wakaketi. Nikabaki wima peke yangu. Ndipo Mshauri wa Wanafunzi aliponiona vizuri.

Masharti ya kurudi: tarehe 31 Machi nifike ofisini kwake na barua ya mwajiri, ikithibitisha kwamba kwa mwezi mzima sikuanzisha mgomo, wala chama, wala waraka. Nikiikosa, muhula wa mwisho umekwenda na maji, na mwaka mzima nitakaa nyumbani nikimtazama Baba anavyonitazama. Nimekula kiapo mbele ya Mshauri. Kiapo kilichotolewa chini ya shinikizo, lakini kiapo.

Mwajiri pekee aliyekubali kunipokea ni dada yake Baba. Shangazi ana kikundi cha vichekesho kinachozunguka mji hadi mji kwa gari bovu la rangi ya chungwa. Yeye ndiye mshereheshaji, ndiye mrusha mipira, ndiye serikali. Kaka Kinanda hupiga kinanda na kuendesha gari, na yote mawili huyafanya bila kutazama mbele. Kisha yupo punda: blanketi la kijivu, kichwa cha karatasi ngumu, masikio ya waya, na watu wawili ndani yake. Mbele hukaa Bi Mbele, mama wa makamo, mwaka wa kumi na tisa katika cheo hicho. Nyuma palikuwa wazi.

Niliuliza kama ipo nafasi yoyote inayohitaji kusema. Shangazi akajibu kwamba ipo, ila ni yake.

Jumatano, 4 Machi

Jana nilipewa mafunzo. Ninainama, ninashika mkanda wa Bi Mbele kwa mikono yote miwili, ninasubiri. Yeye hupeleka mkono nyuma na kupiga paja lake. Kofi moja, twende. Mawili, tugeuke. Matatu, tupige magoti. Nikamuuliza kofi la kuomba ufafanuzi ni lipi. Akaniuliza kama nimekula.

Leo onyesho la kwanza, katika uwanja wa shule ya msingi. Punda wetu anajua hesabu: watoto hutaja, Bi Mbele hupiga jibu kwa kwato ya mbele. Mimi nilikuwa gizani. Mbele yangu mgongo wa gauni, na katika mgongo vifungo vinne. Miaka mitatu ya sayansi ya siasa imenifikisha kwenye vifungo vinne!

Mtoto mmoja akataja saba mara nane. Bi Mbele akapiga hamsini na nne, akatulia kwa fahari.

Nilijizuia. Nilijizuia kwa nguvu zangu zote, labda sekunde mbili. Kisha nikaongeza mateke mawili ya nyuma.

Uwanja ulilipuka. Mwalimu wa hesabu alisimama kupiga makofi. Ndani ya punda, hata hivyo, hali ya hewa ilichafuka. Garini Bi Mbele alimweleza Shangazi kwamba miaka kumi na tisa hajawahi kusahihishwa na mkia. Nikasema ukweli hauna mbele wala nyuma. Akasema basi ukweli ukae huko huko nyuma ulikowekwa, na ufunge mdomo.

Shangazi alikuwa amegeuza uso dirishani. Mabega yake yalitikisika. Nadhani alikuwa na huzuni juu yetu.

Jumamosi, 7 Machi

Nimeandika waraka. Najua! Lakini yafaa kutofautisha waraka unaoenezwa kwa umma na waraka unaobandikwa ndani ya tumbo la punda. Huu wa pili ni mawasiliano ya ndani ya idara.

Kurasa kumi na moja, kichwa chake "Hali ya Robo ya Nyuma: Uchambuzi na Madai". Madai ni matatu tu, maana mimi si mtu wa kupita kiasi. Kwanza, tundu la kuonea, sawa na aliyonayo mwenzangu, ambaye ana mawili. Pili, zamu ya kichwa. Tatu, mashauriano kabla ya kila kupiga magoti. Nilizibandika kurasa zote kwa gundi upande wa ndani, usawa wa macho ya mfanyakazi.

Kasoro moja haikuonekana katika hatua ya mipango. Mle ndani hakuna mwanga. Hakuna awezaye kusoma dai la kutaka mwanga mpaka apewe mwanga.

Halafu sikio la kushoto likalegea. Bi Mbele, akitafuta kitu cha kulijaza, alichana ukurasa wa nne hadi wa saba. Sikio sasa limesimama wima kweli kweli. Sehemu yote ya nadharia imo humo. Nilipolalamika, alisema ni mara ya kwanza maneno yangu kumfaa mtu.

Jumatatu, 9 Machi

Nimeanzisha chama. Kwa usahihi zaidi, chama kimejianzisha chenyewe, kutokana na mazingira; mimi niliandika tu katiba.

Umoja wa Wabeba Punda. Wanachama wawili. Nilitarajia Bi Mbele angenicheka, lakini aliweka chini sindano aliyokuwa akishonea kwato, akauliza chama hicho kina mwenyekiti au hakina. Nikasema kinaye, kwa kuchaguliwa. Akasema basi ameingia, na yeye ndiye mwenyekiti. Nikamfafanulia maana ya uchaguzi. Akasema haya mwanangu, chagua.

Wagombea wawili, wapiga kura wawili. Duru ya kwanza: moja kwa moja. Duru ya pili: moja kwa moja. Kaka Kinanda, tuliyemweka kusimamia, aliomba turudie haraka kwa sababu sahani ya kuhesabia kura ilikuwa ya chakula chake.

Kabla ya duru ya tatu nikaomba nafasi ya kujieleza. Nilizungumza dakika ishirini juu ya unyenyekevu wa kiongozi. Nilieleza jinsi kiongozi wa kweli asivyojipendelea, jinsi anavyomtanguliza mwenzake. Ilikuwa hotuba nzito. Mimi mwenyewe nilitokwa na machozi. Na kwa kuwa siwezi kuhubiri jambo nisilolitenda, nikampigia kura Bi Mbele.

Bi Mbele naye akampigia kura Bi Mbele.

Nimeshindwa kwa kura mbili kwa sifuri. Mimi ni katibu mwenezi.

Alhamisi, 12 Machi

Siku kubwa! Azimio la kwanza la Umoja limetekelezwa: hakuna hatua itakayopigwa na punda bila kura. Mwenyekiti aliliafiki baada ya mimi kumweleza kwamba hata Shangazi hataweza kumpeleka upande wa kulia pasipo ridhaa yake. Hapo macho yalimng'aa. Wana ugomvi wa siku nyingi, wale, kuhusu kulia.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Yeye anapendekeza kwa kofi. Mimi, nikikubali, navuta mkanda mara moja. Nikipinga, mara mbili.

Ukumbi wa mji huu ni wa ushirika wa wakulima, mabenchi ya mbao, watu wengi. Shangazi akapuliza filimbi, akamwamuru punda wake aje mbele awaamkie wageni. Bi Mbele akapendekeza twende. Mimi nikapinga, kwa sababu za kikatiba: hoja haikuwa na mwungaji mkono. Moja kwa moja. Tukasimama.

Shangazi akapuliza tena. Bi Mbele akapendekeza kugeuka. Nilikuwa tayari kukubali, ila nilivuta mara mbili kwa bahati mbaya, mkanda ukiwa umeteleza. Tukasimama. Dakika nne! Jasho lilinichuruzika hadi kwenye kwato. Niliwaza: sasa wataelewa. Sasa wataona nguvu ya walio wengi, hata tukiwa wawili.

Kicheko kilianza nyuma ya ukumbi. Mzee mmoja alipaza sauti kwamba huyu anafanana na shemeji yake. Mwingine akasema mwacheni jamani, anafikiri. Wakaanza kumpigia kura wenyewe, nusu ya ukumbi ikitaka aende, nusu ikitaka abaki. Shangazi, ambaye angeweza kuiuza hata ajali, akanyanyua mikono na kutangaza kwamba wasishangae, punda huyu amesoma chuo kikuu.

Watu walivunjika mbavu. Mama mmoja alitolewa nje apate hewa.

Jumamosi, 14 Machi

Bango jipya limechorwa. Linasema PUNDA MSOMI: HASIKII LA MTU.

Nilikwenda kwa Shangazi na kumweleza, kwa lugha ya kiungwana, kwamba tendo la ukombozi wa umma limegeuzwa kuwa kipande cha burudani. Alikuwa akipaka wanja mbele ya kioo cha gari. Akasema ndiyo, na kipande kizuri, ila dakika nne ni nyingi, tukate ziwe mbili na nusu. Akasema pia nipinge kwa nguvu zaidi, mkia unatikisika vizuri ninapopinga.

Nikamkumbusha kwamba anapaswa kunionya. Mimi nimekiuka masharti! Akanigeuzia jicho moja lenye wanja na moja lisilo nalo. Akasema yeye hajaona mkiukaji yeyote, ameona ukumbi umejaa hadi dirishani.

Nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa. Sasa litafuata jambo lisiloweza kuchekwa.

Jumanne, 17 Machi

Limefuata.

Nilichagua uwanja kwa makini: bwalo la kiwanda cha sabuni, mapumziko ya mchana, wafanyakazi mia mbili katika mavazi ya kazi. Kama kuna mahali duniani ambapo mgomo utatambuliwa kuwa mgomo, nilijiambia, ni hapa.

Katikati ya ngoma, bila kura, bila kofi, bila taarifa kwa mwenyekiti, niliketi chini. Kitako. Nikaachia mkanda.

Kwa bahati mbaya Bi Mbele hakuhisi lolote. Yeye akicheza huwa hayupo duniani. Alisonga mbele na muziki. Blanketi likavutika, likalia kwa sauti ya kutisha, likakatika katikati. Nusu ya punda ikaenda zake ikinesa. Nusu nyingine ikabaki sakafuni, na nusu hiyo ni mimi, mchana kweupe, nimevaa suruali ya manyoya hadi kifuani.

Nikasimama. Nikanyanyua ngumi. Nikaanza: "Wafanyakazi wenzangu!" Nikawaeleza juu ya mgongo na vifungo vinne. Nikawaeleza kwamba kila penye kichwa kinachoinama kupokea makofi, ipo miguu isiyojulikana jina. Sijawahi kusema vizuri namna ile. Na wakati wote huo, nyuma yangu, nusu ya mbele ilikuwa ikizunguka jukwaa ikipiga hesabu ya tatu jumlisha tano.

Walilia. Watu wazima walilia, wakishikana mabega. Fundi mmoja alianguka kutoka kwenye benchi. Waliponishika mikono baada ya onyesho nilidhani ni mshikamano wa kitabaka. Msimamizi wao akaniomba tukirudi wiki ijayo nipasuke tena, kuna wa zamu ya pili hawakuona.

Tulipofika kambini Kaka Kinanda alikuwa ameshanunua vifungo vya kubana. Ameviweka katikati ya punda, safu nzima. Kuanzia kesho nitapasuka kila siku, kwa alama ya kinanda.

Ijumaa, 20 Machi

Nimepasuka mara tatu katika siku tatu. Hotuba yangu sasa ina muziki chini yake.

Shangazi ameomba niifupishe. Anasema sehemu ya umiliki wa njia za uzalishaji haichekeshi, lakini ngumi inachekesha, basi ngumi iwe mara mbili. Nilikataa katakata. Kisha nikajaribu ngumi mara mbili, kwa madhumuni ya utafiti tu. Kwa kweli, inakwenda vizuri zaidi.

Tatizo jipya: Bi Mbele hasemi nami. Leo watazamaji waliita "Mkia! Mkia!" hata Shangazi akanisogeza mbele kuinama peke yangu. Nilipogeuka nilimwona ameshika kichwa cha punda kwapani, kama mtu aliyesubiri gari likampita. Baadaye alisema, bila kunitazama, kwamba yeye amekaa mbele ya punda huyu miaka kumi na tisa na hakuna hata mtoto mmoja aliyewahi kuita "Kichwa! Kichwa!"

Nilitaka kumwambia neno jema. Badala yake nikamweleza kwamba uongozi hauna budi kupimwa na umma. Sijui kwa nini husema vile.

Jumapili, 22 Machi

Bi Mbele amegoma!

Amegoma kweli, bila waraka, bila azimio, bila hata kupaza sauti. Amekiweka kichwa cha punda juu ya kiti changu, akasema kama mkia unajua kila kitu, uvae. Akaenda kuosha vyombo akiimba.

Shangazi hakucheka. Huo ndio uliokuwa mgomo wa kwanza alioutambua, na haukuwa wangu. Iliniuma. Lakini mbele ya kichwa kile, nikitazama yale matundu mawili ya macho, uchungu ulipungua haraka. Kesho mimi ni kichwa! Kesho enzi mpya! Bi Mbele amekubali kushika nyuma, ili tu, kwa maneno yake, asikose kuona.

Jumatatu, 23 Machi

Taarifa ya siku ya kwanza na ya mwisho ya enzi mpya.

Asubuhi, kabla ya mazoezi, Bi Mbele aliuliza kuhusu tundu la kuonea. Nikamweleza kwamba dai hilo ni la haki kabisa, ila katika kipindi hiki cha mpito nidhamu ni muhimu kuliko kuona. Aliuliza kuhusu kura. Nikasema kura zitarejea hali itakapotulia. Nikapiga makofi matatu. Akapiga magoti. Nikapiga tena, kuhakikisha. Ni mfumo bora kuliko nilivyoudhani.

Onyesho: shule nyingine, jukwaa la mbao, walimu mstari wa mbele. Mtoto wa kike mwenye meno mawili akataja tano toa tano. Nikanyanyua kwato, nikasita. Sifuri hupigwaje? Nikasimama kimya, na hilo ndilo lililokuwa jibu sahihi, lakini watoto wakaanza kupiga kelele kwamba punda hajui. Hajui! Nikafungua mdomo wa punda na kuwaeleza, kwa ufupi, dhana ya utupu katika historia ya hisabati. Kaka Kinanda alianza kupiga wimbo juu ya sauti yangu.

Nikasogea mbele ili nisikike. Hapo ndipo nilipogundua kwamba matundu ya macho hayakutobolewa kwa ajili ya kuona miguu.

Nilitua katika mapaja ya mwalimu mkuu. Mama mzito, mtulivu, mwenye miwani. Alilishika sikio la kushoto la punda na kulinyoosha, akangoja nitoke. Juu ya jukwaa nusu ya nyuma ilikuwa bado imesimama, wima, na ikaanza taratibu kupiga kwato moja, kama mtu anayesubiri aombwe radhi.

Nimeomba radhi. Nimeomba mbele ya Umoja, yaani mbele yake. Bi Mbele alisema sawa mwanangu, rudi kwako. Kisha akacheka hadi akashika mbavu, akaniiga nilivyopaa, akaniiga tena Kaka Kinanda alipoingia. Nimerudi nyuma kwa hiari yangu mwenyewe. Ni uamuzi wa kimkakati.

Alhamisi, 26 Machi

Maonyesho sita katika siku tatu. Punda anapasuka kila mara, safi kabisa. Bi Mbele sasa, tukipasuka, hugeuka akaitazama nusu yangu, akaweka kwato kiunoni. Watu wanamwita jina kutoka viti vya nyuma. Ana furaha kuliko nilivyowahi kumwona, na amenishonea pedi za magoti kwa kitambaa cha pazia.

Baba alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetembea juu ya mayai. Aliuliza kama nimeshika kiapo. Nikamwambia suala hilo lina tafsiri nyingi. Akasema amemwambia Mama, na Mama amewaambia majirani, na majirani wameshanunua kitenge cha sare ya mahafali. Akaniomba jambo moja tu: siku ya Jumanne, mbele ya yule bwana, asubuhi moja tu ya maisha yangu, nifunge mdomo. Baada ya hapo niseme mpaka uzeeni.

Nilimwahidi. Na nilimaanisha. Yule mzee ananipenda, na mimi nataka shahada yangu kuliko ninavyokiri hapa.

Jumamosi, 28 Machi

Shangazi amenipa barua. Ameiandika kwa mkono wake mwenyewe, wino wa bluu, mistari iliyonyooka. Nainakili.

"Mtajwa amekuwa nami mwezi mzima. Hakuanzisha mgomo, wala chama, wala waraka. Yote aliyoyafanya yalikuwa ya kuchekesha, na yalichekesha. Ni mchekeshaji mwenye nidhamu."

Mchekeshaji mwenye nidhamu! Nilisoma mara mbili nikiwa nimesimama na mara moja nikiwa nimeketi. Nikamfuata nyuma ya gari alikokuwa akianika mipira. Nikamwambia nimegoma mara kumi na moja. Nina tarehe. Akaniambia mgomo ni pale kazi inaposimama, na kazi yangu kila nilipoisimamisha ilikwenda mbio zaidi. Nikamwambia nina chama, nina katiba. Akasema hata Bi Mbele anayo katiba, anafungia sindano.

Kisha akanishika shavu kwa mkono wenye maji. Akasema wewe binti wa kaka yangu una kichwa kigumu kama cha baba yako, nenda ukamalize shule, njoo likizo. Akageuka upesi. Safari hii sidhani kama alikuwa anacheka.

Barua iko ndani ya kitabu hiki. Nitaipeleka. Nitafunga mdomo. Ni sentensi nne tu, na historia si lazima isome kila sentensi.

Jumanne, 31 Machi

Saa nne kasoro robo. Korido ya utawala. Gari la chungwa limeegeshwa nje, wote watatu wamekuja kunisindikiza. Bi Mbele amevaa viatu vya kwenda harusini.

Saa nne. Mshauri wa Wanafunzi, mtu mpole mwenye muhuri mkubwa, aliipokea barua kwa mikono miwili. Alisoma polepole. Alitabasamu penye mchekeshaji. Mimi nilikuwa nimekaza meno hadi masikio yakauma. Akauliza kama nina la kuongeza. Nikatikisa kichwa. Nikatikisa kichwa! Baba angejivunia.

Saa nne na robo. Akagonga muhuri. Umesikika kama mlango unaofunguliwa. Nimerudishwa chuoni.

Ningetoka. Nilikuwa nimeshasimama. Nilikuwa nimeshika kitasa. Lakini akasema, kwa wema wote, kwamba amefurahi sana kuona nimeyaacha yale mambo ya migomo.

Nikarudi mezani. Nikamweleza, kwa heshima, kwamba kumekuwa na upungufu katika barua. Nikamtajia tarehe 7, waraka. Tarehe 9, chama. Tarehe 12, punda kugoma kutembea. Tarehe 17, punda kupasuka kwa sababu za kimsingi. Nilipofika tarehe 17 alikuwa amevua miwani anafuta macho. Akamwita katibu muhtasi wake aje asikie. Katibu muhtasi akapiga kelele kwamba mtoto wake alituona shuleni, kumbe mkia ni mimi! Wakaniomba ngumi.

Niliwaambia nina hatia. Nilidai muhuri ufutwe. Mshauri akasema, akihema, kwamba vichekesho si kosa.

Kwa hiyo nikaketi. Sakafuni, katikati ya mlango. Nikatangaza kwamba sitaondoka, wala sitakubali kurudishwa, mpaka itambuliwe kwa maandishi kwamba niligoma. Na kwa kuwa nipo hapo, mpaka liangaliwe pia suala la viti.

Walicheka dakika kumi nzima. Katibu muhtasi alipiga picha. Kisha wajumbe wa baraza la taaluma wakafika kwa kikao chao, maprofesa saba na mafaili, wakakuta hawana pa kupita. Mmoja akajaribu kuniruka. Mwenye goti bovu hakuweza. Mshauri akaniomba nipishe. Nikamweleza madai upya, tangu mwanzo. Akaniomba tena. Na hapo, taratibu, nikaona uso wake ukibadilika. Aliacha kucheka. Mwezi mzima, miji tisa, mamia ya watu, na huyu ndiye wa kwanza kuacha kucheka! Nilikaribia kumkumbatia.

Saa tano kasoro dakika kumi. Nimesimamishwa masomo mwaka mmoja. Barua ni fupi, imechapwa, ina muhuri, na ina neno nililolitafuta: mtajwa amegoma. Nimeisoma mara nne. Nimemwomba nakala mbili.

Nje, Shangazi aliisoma akiwa ameshika tama. Aliniuliza ni nini kilinishinda kusema asante nikatoka. Kaka Kinanda alisema ameshawasha gari. Bi Mbele aliuondoa mfuko wake kwenye kiti cha nyuma ili nipate pa kukaa, akaniuliza kama nimekula.

Baba akapiga simu tukiwa tumeshaondoka. Kwa nyuma nilimsikia Mama na jirani wakimwambia aulize. Akauliza: nimerudishwa, au sikurudishwa?

Nikamjibu kwa ukweli mtupu. Ndiyo Baba, nilirudishwa, dakika thelathini na tano, na hakuna hata moja niliyoipoteza.